Meza ya ufukweni ni ya nani?

SAMAKI aliyechomwa na kuliwa kando ya maji alimovuliwa ni chakula cha asili cha watu wa mwambao, nacho hakikuletwa na mtalii wala na mwenye hoteli. Kabla pwani ya Tanzania, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,400, haijaota hoteli hata moja, mvuvi alikuwa akishusha changu wake mchangani, akawasha moto wa makumbi, akala na wenzake huku wakingoja maji yajae. Mlo huo haukuwa na meza wala orodha ya bei. Leo umepata meza, umepata kitambaa cheupe na mhudumu mwenye tai, na katika kuyapata hayo umeanza kumpoteza mwenyewe. Jambo hilo linastahili kutazamwa kwa makini na kila mtumishi wa umma, na kila mwalimu ambaye mshahara ukitoka humchukua mkewe na watoto kwenda kula samaki pwani, kisha akarudi nyumbani akijiuliza amekosa nini hata atozwe namna ile.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Forodhani, Unguja. Bustani hiyo iliyo mbele ya Ngome Kongwe na Beit el Ajaib ilifunguliwa mwaka 1936 kwa heshima ya jubilei ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyekalia kiti tangu mwaka 1911. Ilikuwa, basi, bustani ya kumpongeza mtawala. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliuondoa usultani. Bustani ilibaki, na umma ukaifanya baraza yake ya jioni. Mji Mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, Forodhani ilikuwa ndani yake, na mwaka 2009 ilifunguliwa upya baada ya kukarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni: ukuta wa bahari ukaimarishwa, taa zikawekwa, mifereji ikachimbwa, na wauzaji wa vyakula wakatengewa mahali pao.

Jua likizama na adhana ya magharibi ikipita, wauzaji, wengi wao wakiwa wamevaa kofia ndefu nyeupe za wapishi, huwasha makaa na kupanga mezani mishikaki ya pweza, ngisi na kamba, vipande vya nguru na jodari, kaa mzima mzima, na kambakochi ambaye aghalabu huwa hapo kwa kutazamwa zaidi kuliko kuliwa. Pembeni huyo anakamua miwa kwa tangawizi na ndimu, yule anapakua urojo. Vijana wa makachu wanajirusha baharini kutoka ukutani kwa mitindo ambayo hakuna mwalimu wa michezo aliyewafundisha. Na juu ya ukuta ule ule wamekaa, sahani mapajani, karani wa wizara, mchukuzi wa bandarini, wanafunzi wawili wa sekondari wanaokula mshikaki mmoja kwa zamu, na mgeni kutoka Ulaya ambaye bado hajui pilipili ile ni ya namna gani. Ukuta wa Forodhani hauna daraja la kwanza wala la pili. Ni mahali pachache nchini ambapo watu wa vipato mbalimbali hula chakula kimoja, kwa wakati mmoja, wakitazama maji yale yale. Jambo hilo lina thamani kubwa kuliko mapato yanayokusanywa pale kila usiku.

Thamani hiyo ndiyo iliyo hatarini, na hatari yenyewe huanzia kwenye jambo dogo kabisa, nalo ni bei isiyoandikwa.

Katika mabaraza mengi ya vyakula vya pwani, Unguja na Bara, mlaji haambiwi bei kwanza. Huambiwa karibu. Huoneshwa samaki, husifiwa samaki, hurundikiwa samaki. Na sahani ikishajaa, vidole vikishaingia mafuta, ndipo hesabu inapotajwa kwa mdomo, na hutajwa kwa kumtazama mtu usoni. Mwenye kamera begani ana bei yake. Mwenye koti la kazi ana bei yake. Wako wanaotetea mtindo huu wakisema kwamba mgeni ana fedha nyingi, na kwamba si vibaya akichangia zaidi. Hoja hiyo ina kaukweli ndani yake. Hata hivyo, ikiwa Taifa linataka mgeni achangie zaidi, ziko njia za wazi za kufanya hivyo, kwa kodi na kwa viingilio vilivyotangazwa. Haiwezi kuwa kazi ya mchoma pweza kukadiria utajiri wa watu kwa kuangalia viatu vyao.

Licha ya hayo, mtindo huo haumuumizi mgeni peke yake. Kiswahili kimegeuzwa kuwa hati ya kupunguziwa bei, na hati hiyo hukaguliwa kwa lafudhi. Mwalimu aliyetoka Kigoma au Bukoba, aliyejinyima miezi kadhaa ili awaoneshe watoto wake bahari, hufungua kinywa na mara moja hutambuliwa kuwa si wa mjini. Hatozwi bei ya mgeni, wala hatozwi bei ya mwenyeji. Hubuniwa bei ya katikati. Nchi iliyoufanya usawa kuwa msingi wake tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, na iliyoipanda lugha moja kutoka mwambao hadi maziwa makuu, haipaswi kuona lafudhi ya raia wake ikipimwa kwenye mizani ya mchuuzi.

Atakaye kujua thamani ya kweli ya samaki na aende Feri, Dar es Salaam, alfajiri. Soko la samaki lililopo pale Magogoni lilijengwa kwa msaada wa Serikali ya Japani na kuanza kutumika mwaka 2002. Hapo samaki huuzwa kwa mnada: dalali husimama, samaki hulazwa chini mbele ya macho ya watu wote, bei hutajwa kwa sauti, huongezwa kwa sauti, hukubaliwa kwa sauti. Mnada huo una kasoro zake, na mvuvi aliyekopa mafuta ya mashine kwa tajiri huwa ameshauza samaki wake kabla hajawavua. Lakini walau bei yake husikika. Kutoka hapo samaki huhamia kwa wakaangaji, ambao wameyaweka makarai yao ya mafuta mahali pao maalumu, na kwa mama lishe wanaompika kwa nazi na kumpakua na wali au ugali. Umbali kati ya dalali na sahani ni mwendo wa dakika chache tu. Mlaji anayeketi kwenye benchi la mama lishe amesikia, au angeweza kusikia akitaka, kiasi alichonunuliwa samaki anayemla.

Kwa miaka mingi watumishi wa ofisi za Kivukoni wamekuwa wakishuka mchana kwenda kula pale. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati, wengi wao wanakula samaki wao zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini, naye samaki huyo huwa amesafiri ndani ya barafu, kama kweli alipewa barafu. Wanaokumbuka kibua wa Feri wanayo haki ya kumkumbuka.

Barafu hiyo si jambo la kupita haraka. Jodari, nguru, kibua na wengine wa jamii yao wakikaa kwenye joto kwa saa chache bila kupoozwa, vijidudu hufanya kazi ndani ya nyama yao na kutengeneza kemikali iitwayo histamini. Aliyemla samaki wa namna hiyo huwiva uso, huumwa kichwa, mwili humwasha kama aliyepakwa upupu, na pengine hutapika na kuharisha. Watu husema amedhurika na samaki kwa kuwa damu yake haipatani naye, na kesho yake mwingine hula kutoka meza ile ile. Kemikali hiyo haiondolewi na moto. Samaki aliyeharibika, akikaangwa mara tatu na kukamuliwa ndimu nne, hubaki kuwa samaki aliyeharibika.

Kwenye mnada mnunuzi hujilinda kwa macho na vidole. Macho ya samaki mzima yamejaa na yanang’aa. Matamvua yake ni mekundu. Nyama yake ikibonyezwa hurudi. Mbele ya jiko la mkaa, gizani, chini ya taa iliyofunikwa na moshi, alama zote hizo zimekwisha potea. Kichwa kimekatwa, nyama imepakwa viungo na rangi, na mshikaki ulioshindwa kuuzwa jana hauna tofauti na wa leo ukishapashwa moto. Ndiyo kusema mlaji wa ufukweni hana njia yoyote ya kujilinda mwenyewe. Amejikabidhi kwa uaminifu wa muuzaji na kwa bwana afya. Bwana afya anayepita mchana kukagua vibali na kurudi nyumbani saa kumi, wakati makaa yanawashwa saa kumi na mbili jioni, amekagua meza tupu.

Ama kwa upande wa hoteli na mikahawa ya kifahari iliyojengwa juu ya maji, haitakuwa haki kusema kwamba yote ni unyonyaji. Jokofu lao lina umeme, vyombo vyao vimeoshwa, na bei yao imeandikwa. Mtu mzima mwenye fedha zake akitaka kulipia upepo, kitambaa na muziki laini, ni hiari yake. Yako mambo mawili, hata hivyo, yasiyonyamazika.

La kwanza ni ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mita 60 si mbali. Mtoto wa darasa la tatu hukimbia umbali huo bila kuhema. Hata hivyo, atembeaye kwa miguu ufukweni kaskazini mwa Dar es Salaam hukutana na kuta, nyaya na walinzi mahali ambapo palikuwa na njia ya wavuvi. Meza ya mkahawa imesogezwa mpaka mawimbi yanailamba, ili mlaji afurahi, na mtumbwi umesogezwa mpaka haujulikani utie nanga wapi. Siku hizi mvuvi wa baadhi ya vijiji humpeleka samaki kwenye mkahawa kwa kupitia mlango wa nyuma, barabarani, ilhali mbele ya mkahawa huo ndipo babu yake alipoanikia nyavu.

La pili linawahusu watumishi wa umma wenyewe, wala si vizuri likafichwa. Kwa muda mrefu mgeni mkubwa wa meza za hoteli za ufukweni hakuwa mtalii. Alikuwa ofisa aliyehudhuria semina. Mada ilitolewa asubuhi, kambakochi aliletwa mchana, na hati ya malipo ilitumwa wizarani. Mwishoni mwa mwaka 2015 Serikali ya Awamu ya Tano iliagiza vikao vya watumishi vifanyike katika kumbi za Serikali, na wako waliolalamika kwamba agizo hilo lilikuwa kali. Yawezekana lilikuwa kali kwa wenye hoteli. Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye semina yake hufanyika darasani juu ya madawati ya wanafunzi, na ambaye chakula chake cha mchana ni maandazi mawili na chai, hakuliona lolote la ajabu ndani yake. Anayekula samaki kwa fedha yake hujua bei ya samaki. Anayekula kwa fedha ya umma hujua ladha yake tu.

Nyuma ya meza zote hizo, ya Forodhani, ya Feri na ya hoteli, kuna mtu ambaye hakai kwenye meza yoyote. Maji ya bamvua yanapokupwa mbali, wanawake wa vijiji vya pwani hushuka mwambani wakiwa na vijiti vyenye ncha, hutembea katika maji yanayofika magotini, hutazama matundu ya mawe, na humtoa pweza kwa ustadi ambao hakuna chuo kinachoufundisha. Wanaume huenda mbali zaidi, kwa kuzamia. Tangu miaka ya 1990, viwanda vilipoanza kununua pweza kwa ajili ya soko la Ulaya, pweza aliyekuwa kitoweo amekuwa fedha. Fedha hiyo imesomesha watoto, hilo halina ubishi. Lakini ikitafutwa bila kiasi hula mbegu.

Pweza ni kiumbe wa maisha mafupi. Wengi wanaovuliwa mwambao huu huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo. Hukua kwa kasi kubwa. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake, huyalinda mayai yake bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Kwa hiyo jike aliyechomwa kijiti kabla hajataga ameondoka na kizazi chake chote. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara za mwaka 2009 zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500. Gramu 500 ni nusu ya kilo ya sukari. Kila mama anaijua kwa mkono. Yeyote ambaye amewahi kusimama jioni mbele ya ndoo ya supu ya pweza, mtaani Dar es Salaam, kati ya wanaume wanaoinywa kwa matumaini yasiyotajwa hadharani, ameona vipweza ambavyo mkia wa mmoja haujazi kijiko. Kanuni hiyo haijulikani kwa muuzaji, na mnunuzi hajawahi kuulizia.

Wenye bahari wenyewe wamekwisha onesha kwamba dawa ipo. Wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walianza mwaka 2004 kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi michache ili pweza wakue, kisha wakaufungua na kuvua. Watu wa Kisiwa Panza, Pemba, nao wameufunga mwamba wao kwa namna hiyo, kwa uamuzi wa kijiji na ulinzi wa kijiji. Kufunga mwamba maana yake ni kwamba mwanamke asiye na mume wala shamba hukaa miezi bila kitoweo, akiyatazama maji anayoyajua yakikupwa na kujaa, ili baadaye avune pweza mkubwa. Inapotokea kwamba pweza huyo mkubwa, aliyengojewa hivyo, hununuliwa na mchuuzi kwa bei ile ile ya kipweza kilichoibwa mahali pengine, kijiji hukosa sababu ya kufunga tena. Hapo ndipo mlaji aliyeketi ukutani Forodhani anapoingia katika shauri hili, atake asitake.

Vivyo hivyo kwa samaki wa baruti. Uvuvi huo haramu uliutesa mwambao wa Bara tangu miaka ya 1960, na ulipungua sana baada ya vyombo vya dola kuunganisha nguvu dhidi yake katika miaka ya kuanzia 2015 na kuendelea. Ulipungua kwa doria; haukupungua kwa sababu walaji waliukataa. Samaki wa baruti hujulikana: uti wake umevunjika, nyama iliyo karibu na mfupa imevilia damu, tumbo lake limepasuka kwa ndani. Mpikaji aliyempasua aliyaona hayo yote, akamtia viungo. Aliyemuuzia aliyajua. Ni mlaji peke yake aliyekuwa na udhuru, kwa kuwa aliletewa akiwa amekwisha kaangwa.

Serikali zote mbili zimeutangaza uchumi wa buluu kuwa nguzo ya maendeleo. Zanzibar, chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi aliyeingia madarakani mwaka 2020, imeuundia wizara yake. Kwa upande wa Bara, Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko mwaka 2023, na Shirika la Uvuvi, TAFICO, lililoanzishwa mwaka 1974 na kufa baadaye, limefufuliwa. Hizo ni hatua kubwa na zinastahili kuungwa mkono. Lakini bandari na meli hutazama bahari kuu, na mwananchi wa kawaida hukutana na uchumi wa buluu mahali pamoja tu, napo ni kwenye sahani.

Halmashauri na mabaraza ya miji ya pwani yanakusanya ushuru kutoka kwenye meza hizo kila jioni. Yanayo mamlaka ya kuamuru kwamba bei ya mshikaki na uzito wa samaki viandikwe mahali mlaji anapoweza kuvisoma kabla hajapakuliwa. Kwamba hakuna kibali cha kuuza jodari bila sanduku la barafu. Kwamba bwana afya afike saa makaa yanapowashwa. Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa hayo, wala mfadhili. Mizani ya dukani na kibao kilichoandikwa kwa chaki, ile ile anayoitumia mwalimu darasani, gharama yake haifiki bei anayotozwa mgeni kwa kambakochi mmoja.